Kazi Iliyotoweka Haijatimizwa

Zamani askari alitegemea daftari la zamu. Leo wengi wetu hubeba orodha ya kazi katika simu. Tuchukue mfano wa askari aliyeandika kwamba leo atamwona shahidi Area 36, Lilongwe, kisha afike Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa. Katika programu ya Microsoft To Do, orodha ya siku hufutika usiku ili kupisha siku mpya. Kazi isiyotimizwa haipotei. Hubaki katika orodha yake ya asili, ikingoja mwenyewe airudishe. Asiyeifungua hudhani amemaliza, kumbe shahidi angali akimngoja mlangoni. Basi ndugu askari, kabla ya kukabidhi zamu tupitie orodha zote, si ya leo pekee.