Mega bei kali: serikali inaweza kusaidia familia zenye pato ndogo namna gani?

Swali hili linarudi kila mara: juu ya nini serikali haisaidii wakaaji maskini kulipa intaneti? Wengine wanauliza sababu mega zinaisha mbio kuliko pesa inavyoingia. Wengine wamepokea ujumbe kwenye WhatsApp wenye kusema serikali inagawa mega bure, na wanataka kujua kama ni kweli.

Jibu fupi ni hili: hapa Kongo hakuna programu ya serikali yenye kulipia familia bei ya intaneti. Lakini kuna sheria, kuna mfuko, na kuna kodi moja ambayo watu walikataa mpaka ikafutwa. Tuvieleze polepole, sababu mtu asiyejua haki yake hawezi kuidai.

Tusema pia kwamba si mambo ya anasa. Matokeo ya Exetat watoto wetu wanayatafuta kwa simu. Muuguzi wa kituo cha afya anahitaji kutuma ripoti. Mama mwenye kupeleka mchele ao mafuta ya mawese Kisangani anataka kujua bei ya soko kabla ya kupakia mzigo, si kisha. Asiye na rezo, ao asiye na mega, anauza kwa bei ambayo mwingine amemwambia.

Reli na tiketi

Sisi watu wa Ubundu tuna mfano mzuri wa kuelewa jambo hili. Maporomoko ya Boyoma yanazuia mashua kupita kati ya hapa na Kisangani. Njo maana wakati wa ukoloni walijenga reli ya kilomita 125, ikamalizika mwaka 1906. Sasa, mwenye safari ana maswali mawili: reli ipo? Na pesa ya tiketi ninayo? Reli ikiwepo na tiketi hauna, unabaki kwenye stasio. Pesa ikiwepo na reli hakuna, pesa yako haina kazi.

Intaneti ni vile vile. Reli ni antene na rezo. Tiketi ni inite na mega. Serikali yenye kusema "tunasaidia wakaaji juu ya intaneti" inaweza kusaidia upande mmoja bila kugusa mwingine. Ukiona tofauti hiyo, hautadanganyika kwa maneno.

Wenye kusaidia kwenye tiketi

Mfano mkubwa ni Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2021 nchi ile ilianza programu iliyopunguzia familia zenye pato ndogo bei ya intaneti, mpaka dola 30 kwa mwezi. Pesa haikupita mkononi mwa familia. Serikali ililipa kampuni, na kampuni ikapunguza bei kwenye fakture ya mteja. Familia zaidi ya milioni 23 ziliingia. Lakini ile pesa ilikuwa ya mara moja. Bunge lao halikuongeza nyingine, na tarehe 1 mwezi wa sita 2024 programu ikafungwa. Watu wakarudi kulipa bei nzima ao kukata intaneti. Iliyobaki ni programu ya zamani zaidi, iliyoanza mwaka 1985 kwa simu za nyumbani. Hiyo inapunguza dola 9.25 tu kwa mwezi.

Kuna masomo mawili hapo. La kwanza: msaada wenye kutegemea kapu moja unakwisha siku kapu linapokwisha. La pili: njia hii inahitaji kila nyumba iwe na fakture, anwani na karatasi za kuonyesha pato lake. Hapa kwetu watu wengi wananunua forfe ya siku moja pale kabini, kwa franka zilizopatikana siku ile. Simu moja inatumiwa na watu wanne. Serikali ingejua namna gani ni nani wa kupunguziwa? Si kusema haiwezekani. Lakini mwanasiasa akiahidi jambo hilo, muulize kwanza: orodha ya familia mtaitoa wapi?

Wenye kusaidia kwenye reli

Nchi nyingi za upande wetu zimechagua reli. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Makampuni ya simu yanachangia, na mfuko unatoa ruzuku kwa kampuni yenye kukubali kujenga mnara kwenye vijiji ambako, kwa hesabu ya biashara peke yake, isingeenda. Kenya nayo ina mfuko wa namna hiyo.

Na Kongo? Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020 juu ya mawasiliano inazungumzia huduma kwa wote: kwamba mkaaji, hata wa kijijini, apate mawasiliano kwa bei anayoiweza. Mfuko wa kufanya kazi hiyo unaitwa FDSU, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Huduma kwa Wote. Makampuni ya simu yanapaswa kuuchangia. Maana yake, sehemu ya pesa inayotoka kwenye inite unazonunua inapaswa kurudi kwa vijiji visivyo na rezo. Si sadaka ya mtu. Ni pesa ya wateja wenyewe, na wewe uko ndani.

Kuna pia njia ya satelaiti. ARPTC, mamlaka yenye kusimamia mawasiliano, iliikataza Starlink mwezi wa tatu 2024, kisha mwezi wa tano 2025 ikapata ruhusa ya kufanya kazi nchini. Satelaiti haihitaji mnara kijijini, na kwa eneo la msitu kama letu hilo ni jambo kubwa. Lakini mashine yake ni bei, na inahitaji umeme. Kwa nyumba moja ni mzigo. Kwa shule, parokia ao kituo cha afya chenye pano ya jua, ambamo watu wengi wanagawana, hesabu inakuwa nyingine.

Bei iliyofichwa ndani ya inite

Serikali ina njia ya tatu ya kusaidia, na haihitaji kutoa hata franka moja: kupunguza kile inachokata yenyewe. Unaponunua inite, ndani yake mna TVA ya 16% na ushuru mwingine. Maskini na tajiri wanakatwa sawasawa.

Wengi wanakumbuka RAM. Mwezi wa tisa 2020 simu zilianza kukatwa inite kwa jina la kuandikisha vyombo vya simu. Kwa mwaka ilikuwa dola 1 kwa simu ndogo ya 2G, na dola 7 kwa simu ya 3G na kuendelea. Mtu anaweka inite, kabla hajapiga simu zimepungua. Wakaaji walilalamika, vijana wa LUCHA wakaingia barabarani, na mwezi wa kumi 2021 wabunge wakamwita waziri Augustin Kibassa Maliba ajieleze. Mwanzoni mwa mwaka 2022 RAM ikafutwa.

Wajirani wa Uganda walipita njia yenye kufanana. Mwezi wa saba 2018 walianza kulipishwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia WhatsApp na Facebook. Mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, lakini ikawekwa nyingine ya 12% juu ya data. Kumbe kodi inaweza kufa kwa jina moja na kurudi kwa jina lingine. Inaombwa macho.

Fanya hesabu nyumbani

Tume ya Umoja wa Mataifa juu ya intaneti iliweka kipimo: kufikia mwaka 2025, forfe ya kuanzia isipite 2% ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Tuchukue kipimo hicho tukilete jikoni. Familia yenye kupata franka 100 000 kwa mwezi, 2% yake ni franka 2 000. Mwezi mzima, si siku moja. Andika kwenye karatasi franka zote unazoacha kabini kwa siku 30. Ongeza na zile unazolipa kwa kutia simu moto kwenye grupe. Kisha linganisha. Karatasi hiyo ina nguvu mbele ya mkubwa kuliko kusema tu "mega ni bei".

Uliza nini, na ujihadhari na nini

Kwanza, ujumbe wa "mega bure za serikali". Ukiambiwa ubonyeze linki, uandike namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ao utume ujumbe huo kwa watu kumi, ni mtego. Msaada wa kweli wa serikali hauombi namba yako ya siri. Usibonyeze, usitume kwa wengine, na mwambie mzee wa nyumbani ambaye hajui kusoma vizuri.

Pili, kama kijiji chako hakina rezo, mpatie shefu wa kijiji habari kamili: jina la kijiji, watu ni wangapi, kuna shule ao kituo cha afya, na mahali pa karibu penye rezo ni kilomita ngapi. Shefu aipeleke kwa mkubwa wa sekta na kwa AT. Mfuko wenye kuchagua mahali pa kujenga unaweza kusahau kijiji ambacho hakuna mtu aliyekiandika.

Tatu, mheshimiwa mbunge akipita hapa Ubundu, tumuulize maswali mawili tu. Pesa ambayo makampuni ya simu yanapaswa kuchangia kwenye FDSU imefika teritwari yetu kwa kazi gani? Na katika franka 1 000 ya inite, serikali inabaki na ngapi? La kwanza ni la reli. La pili ni la tiketi. Akijibu moja na kuruka lingine, mama, baba, muulize tena.