Muziki wa nyumbani ukiwa ugenini: unakutibu au unakuchelewesha?

Ukipata nafasi ya kwenda kusoma nje, ushauri utaupata mwingi, hata usiouomba. Nunua koti zito. Beba dagaa. Halafu anajitokeza kaka mmoja aliyewahi kukaa huko: "Mdogo wangu, ukifika achana na bongo fleva, utachelewa kuzoea." Ana haki?

Hofu hii ni ya zamani. Mwaka 1688, Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, aliandika tasnifu kuhusu watu waliougua kwa sababu ya kuwa mbali na kwao. Ugonjwa huo akauita nostalgia, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Mwaka 1768 Jean-Jacques Rousseau akaandika katika kamusi yake ya muziki kwamba wanajeshi wa Uswisi walikatazwa, kwa adhabu ya kifo, kupiga wimbo fulani wa wachunga ng'ombe, kwa kuwa waliousikia walilia, walitoroka au hata kufa. (Kumbe kaka yetu ni mpole!) Ila Rousseau aliongeza jambo ninaloliona ndilo kiini: nguvu haimo kwenye sauti zenyewe. Mgeni akiusikia wimbo ule haumgusi. Kinachouma ni kumbukumbu.

Maabara zinakubaliana naye. Mwaka 2009, mtafiti Petr Janata wa California aliwasikilizisha watu vipande vya nyimbo zilizovuma walipokuwa wadogo, huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine ya MRI. Eneo lililo nyuma ya paji la uso lilichangamka zaidi pale wimbo ulipoamsha kumbukumbu za maisha ya msikilizaji mwenyewe. Tena, nyimbo zinazonasa sana ni zile tunazozisikia kati ya miaka 10 na 25 hivi. Sasa piga hesabu: wewe unaondoka na miaka 19, au 24 ukienda kusoma uzamili. Kanda bado inarekodi. Nyimbo za nyumbani zimeshajaa humo, lakini hata zile zinazopigwa kwenye basi la huko uendako zitaingia, upende usipende.

Usishangae lakini kama mwanzoni muziki wa huko utakuwa kama kelele tu. Sikio nalo lina lugha yake. Mwaka 2005 Erin Hannon na Sandra Trehub walionyesha kwamba watu wazima wa Amerika ya Kaskazini walishindwa kugundua midundo ya Balkani inapovurugwa, wakati watoto wao wa miezi 6 waliweza. Watoto wa miezi 12 walikuwa wameshaupoteza uwezo huo, ila waliurudisha baada ya kusikiliza muziki huo nyumbani kwa wiki 2. Watu wazima hawakufaidika kiasi hicho. Kwa hiyo mwenzako wa chumbani akikunja uso ukiweka singeli, huenda si dharau.

Turudi kwa kaka. Ushauri wake umejengwa juu ya wazo kwamba kuzoea ni kubadilishana: toa cha kwenu, upokee cha kwao. Mwanasaikolojia John Berry wa Kanada aliligawa jambo hili katika maswali mawili: je, unashikilia utamaduni wako? Je, unachangamana na wenyeji? Unaweza kujibu ndiyo kwa yote mawili, na mara nyingi hao ndio wanaokaa vizuri zaidi.

Lakini kuna mtego. Ukiona wanafunzi wapweke wanasikiliza sana nyimbo za kwao, usikimbilie kusema nyimbo ndizo zilizowatenga. Inawezekana upweke ulitangulia, wakatafuta nyimbo kama mtu anavyotafuta blanketi. Kinachotia wasiwasi ni namna ya kusikiliza. Sandra Garrido na Emery Schubert, waliochunguza watu wanaopenda muziki wa huzuni, waligundua kwamba wenye tabia ya kucheua mawazo yaleyale huendelea kuusikiliza hata pale ambapo hauwafariji. Basi jiulize: baada ya nyimbo tano, unanyanyuka kupika au unazidi kujifunika shuka? Unasikiliza na wenzako, au hedifoni ziko masikioni kuanzia hosteli hadi darasani, hata salamu za watu huzisikii?

Na huyo mwenzako wa chumbani, mwombe akufundishe wimbo mmoja wa kwao, uuimbe kwa sauti. Watafiti wa Edinburgh waliwafundisha watu wazima misemo ya Kihungari kwa dakika 15 tu. Walioirudia kwa kuimba waliikumbuka vizuri kuliko walioirudia kwa kuongea.