Usitupe boksi la katuni kabla hujaangalia kona ya jalada

Mwaka 2024 ndugu watatu wa California, Marekani, walikuwa wakisafisha dari la nyumba ya mama yao aliyefariki. Kwa miaka mingi mama huyo alikuwa akiwaambia kwamba ana vitabu vya katuni vya thamani mahali fulani, ila wao hawakuwahi kuviona. Chini ya rundo la magazeti ya zamani wakakuta boksi, na ndani yake toleo la kwanza la Superman, la mwaka 1939. Novemba 2025 kitabu hicho kiliuzwa katika mnada wa kampuni ya Heritage kwa dola milioni 9.12, bei ambayo hadi siku hiyo hakuna kitabu cha katuni kilichowahi kuifikia mnadani.

Habari za namna hii zikizunguka kwenye simu, wazazi huingia stoo. Mmoja anakuta mabunda ya Spider-Man ya kijana aliyekwenda chuo. Mwingine anakuta Tintin na Asterix za babu aliyefanya kazi Bujumbura au Lubumbashi. Mwingine anakutana na Sani za ujana wake mwenyewe, zimeliwa na mende pembeni. Wote wana swali moja: hizi zina thamani gani?

Jibu linauma kidogo. Maboksi mengi hayana fedha ya maana. Lakini machache yanayo, na huwezi kuyatofautisha kwa kuyatazama ukiwa mlangoni. Familia inayouza kwa kukisia hulaliwa bei, na inayong'ang'ania bila kujua ilichoshika huishia kugombania karatasi katika kikao cha mirathi.

Waliotupa ndio waliopandisha bei

Wengi hudhani kitabu kikishazeeka kimekuwa ghali. Umri peke yake hauuzi. Bei hupanda pale nakala zinapokuwa chache na wanaozitaka wakawa wengi.

Superman alionekana kwa mara ya kwanza Juni 1938 katika Action Comics namba 1, kilichouzwa senti 10. Kilikuwa kitu cha mtoto, cha kusoma na kutupa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya viwanda, na katuni zikaenda kwa wingi. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichodai kuwa katuni zinawaharibu watoto. Baraza la Seneti likafanya vikao kuhusu suala hilo, na katika miji kadhaa katuni zilichomwa moto hadharani. Zilizosalia zikakutana na akina mama waliofagia vyumba vya vijana wao walipokwenda jeshini au kuoa. Kwa hiyo mama aliyetupa ndiye aliyemtajirisha mama mwenzake ambaye hakutupa.

Sasa tazama kilichotokea kila mtu alipoamua kutunza. Mwaka 1991 X-Men namba 1 ilitoka kwa zaidi ya nakala milioni 8. Mwishoni mwa 1992 likaja toleo namba 75 la Superman, lile alilokufa, likiwa limefungwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Watu walinunua nakala tano, wengine kumi, wakaziweka bila hata kufungua mfuko, kwa matumaini kwamba siku moja zitalipa ada ya chuo ya watoto. Ada haikupatikana. Nakala hizo bado zimejaa, nyingi zikiwa safi kama zilivyotoka kiwandani, na huuzwa kwa dola chache tu. Soko la katuni lilianguka, maduka mengi yakafungwa, na Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Mzazi mwenye boksi la miaka ya 1990 aanze akijua hilo. Na kama kuna mtu anamshawishi mwanawe leo anunue "toleo maalumu la kutunza", alikumbuke boksi hilo kabla ya kutoa fedha.

Kazi ya jioni moja

Huhitaji mtaalamu ili uanze. Unahitaji daftari, meza safi na mikono mikavu.

Angalia kwanza bei iliyochapwa kwenye jalada. Katuni za Marekani ziliuzwa senti 10 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha senti 12 hadi mwaka 1969. Ukiona senti 10 au 12, kiweke kitabu hicho pembeni, usikipitishe mkono kwa mkono mbele ya wageni. Kuna nakala zilizochapwa kwa soko la Uingereza zikiwa na bei ya peni badala ya senti. Ni halali kabisa, ingawa wanunuzi wa Marekani mara nyingi huzilipa chini kidogo.

Kisha tafuta maandishi madogo, ama ndani ya jalada au chini ya ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo penye jina kamili la mfululizo, namba ya toleo, mwezi, mwaka na mchapishaji. Andika hayo yote. Picha ya shujaa jaladani haitoshi, kwa sababu matoleo yanayotafutwa sana mara nyingi hayabebi jina la shujaa mwenyewe. Spider-Man alizaliwa katika Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962. Nakala moja iliyotunzwa vizuri iliuzwa dola milioni 3.6 mwaka 2021. Black Panther, ambaye watoto wengi wa Afrika walimjua kupitia filamu ya 2018, alionekana kwanza katika Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966, na filamu ile ilikipandisha kitabu hicho bei. Mara ya kwanza ya mhusika ndiyo inayolipa. Toleo la jirani yake, la mwezi uliofuata, linaweza kuuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Ukishajua ni kitabu gani, angalia hali yake. Wanunuzi hutumia vipimo vya kuanzia 0.5 hadi 10, na kushuka alama moja au mbili kunaweza kukata nusu ya bei au zaidi. Wanatazama mgongo kama umevunjika, pini kama zimeota kutu, kona, jalada kama limeachia, rangi ya karatasi, na kama kurasa zote zipo. Zihesabu. Mfano mzuri ni The Incredible Hulk namba 181 ya mwaka 1974, ambamo Wolverine alitokea kikamilifu kwa mara ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na stempu ya kukata na kubandika, na watoto wa wakati ule walifanya kile ambacho mtoto yeyote mwenye mkasi angefanya. Leo nakala isiyo na stempu hiyo hupoteza sehemu kubwa ya bei, hata kama jalada linang'aa.

Usirekebishe chochote. Selotepu iliyobandikwa kwa nia njema kwenye jalada lililochanika huharibu kuliko mchaniko wenyewe, na kupaka rangi pale palipopauka wanunuzi hukuchukulia kama udanganyifu.

Jihadhari pia na machapisho ya marudio. Mwaka 1974 Action Comics namba 1 ilichapwa upya ikiwa na jalada lilelile la senti 10 ndani ya jalada jingine la nje. Likitolewa la nje, kinachobaki kinaweza kumdanganya asiyejua. Kitakachokisaliti ni ukubwa: chapa hiyo ni pana na ndefu kuliko kitabu halisi.

Bei iliyotajwa na bei iliyolipwa

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu huingia eBay, akaona toleo kama lake limewekwa kwa dola 900, akawapigia ndugu zake simu. Lakini dola 900 ni anachotamani muuzaji, na huenda tangazo limekaa hapo miaka miwili. Kwenye mtandao huohuo unaweza kuchuja ukaona vitu vilivyokwisha uzwa tu. Huko utakuta toleo lilelile limelipwa dola 40. Hiyo 40 ndiyo bei. Tafuta mauzo kadhaa ya karibuni ya namba ileile katika hali inayofanana na yako, uone yanaangukia wapi.

Kuna pia kitabu cha bei cha Overstreet, ambacho kimekuwa kikitoka tangu 1970 na bado kinaheshimiwa, hasa kwa katuni za zamani. Kitumie kama dira. Mauzo halisi hubadilika haraka kuliko kitabu.

Kampuni kama CGC, iliyoanza mwaka 2000, hupima hali ya kitabu, hukipa alama na kukifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba inayoweza kuhakikiwa. Minada mikubwa hupenda hivyo. Lakini huduma hiyo inalipiwa, na kwa familia iliyoko Arusha au Kisumu kuna gharama ya kutuma, bima na kurudisha. Kitabu cha dola 15 hakistahili safari hiyo.

Kwa mwenye duka, usitegemee bei kamili. Naye anahitaji kodi na faida, na mara nyingi atatoa nusu au chini ya hapo. Huo si wizi. Wizi ni pale anapotaka kuchagua vitabu vitatu tu na kukuachia mia, huku akisema vyote ni takataka. Ndiyo maana orodha ya daftari huja kwanza, mnunuzi baadaye, na wanunuzi wawe zaidi ya mmoja. Mwaka 2012 mkusanyiko wa vitabu 345, vilivyokusanywa na mtu mmoja tangu utoto wake na kukutwa kwenye nyumba ya familia, uliuzwa mnadani kwa takriban dola milioni 3.5. Fikiria angepita mtu wa mitumba siku moja kabla.

Tintin, na zile za kwetu

Kwa Tintin mambo ni tofauti. Simulizi ya Tintin kule Kongo, ambayo Wakongo wengi wana haki ya kuichukia kwa jinsi ilivyowachora, ilitoka kama kitabu mwaka 1931 ikiwa nyeusi na nyeupe, kisha ikachorwa upya kwa rangi mwaka 1946. Familia nyingi hufungua kitabu, zikaona tarehe ya zamani ndani, zikashangilia. Tarehe hiyo mara nyingi ni ya haki miliki, na hubaki ileile chapa baada ya chapa. Wakusanyaji wa Brussels na Paris hugeuza kitabu na kusoma jalada la nyuma: orodha ya vitabu vya Tintin iliyochapwa hapo huonyesha ni vingapi vilikuwa vimeshatoka, na hivyo kukisaliti kitabu kilichapwa lini.

Za kwetu je? Sani ya Tanzania, na Ndumilakuwili wake, Pichadithi za Kenya za miaka ya 1980, jarida la Joe lililoanza Nairobi mwaka 1973, Juha Kalulu aliyekatwa kutoka Taifa Leo na kubandikwa kwenye daftari: hakuna Overstreet ya hizi. Bei ni yale wanayokubaliana watu wawili. Lakini sababu iliyoipandisha bei Superman ipo hapa pia, tena kwa ukali zaidi. Magazeti haya yalisomwa na mtaa mzima, yakaazimwa, yakafungiwa karanga. Yaliyobaki mazima ni machache, na wasomi wa Kiswahili hadi Ujerumani wamekuwa wakiyatafuta na kuyaandikia makala. Mwenye mfululizo wa miaka mitatu mfululizo asiuuze tolea moja moja kwa bei ya soda. Autunze pamoja, aupige picha majalada yote, kisha aulizie kwenye maktaba za vyuo vikuu kabla ya kuachana nao.

Kabla ya yote hayo, lipo swali la kifamilia: boksi ni la nani? Kama ni la kijana aliyeko chuo, apigiwe simu. Hata kama halifiki dola 20, yeye analijua kila toleo, na kuliuza kimyakimya kumeacha vidonda katika nyumba nyingi. Kama ni la marehemu, orodha na picha ziende kwa warithi wote siku hiyohiyo, kwenye kundi la WhatsApp la familia, kabla dalali yeyote hajaitwa.

Wakati mnasubiri kuamua, litoeni sakafuni. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, unyevu na chumvi huozesha pini kwa miaka michache, na mchwa hawana habari na Superman. Kila kitabu kiingie kwenye mfuko wake wa plastiki safi chenye kadi ngumu isiyo na asidi nyuma yake, visimame wima bila kubanwa, mbali na dirisha. Magazeti ya zamani yasiwekwe juu yake, maana asidi yake huhamia kwenye karatasi iliyo jirani.