Mikono ya popo: kabla ya kuingiza mkasi katika kikwembe cha 8 Machi

Kila mwaka, mwezi wa pili ukikaribia kuisha, vikwembe vya tarehe 8 Machi vinatafutwa sana masokoni Bukavu, Goma na Lubumbashi, na mafundi wa kushona wanaelemewa na kazi. Mama aliyechelewa kupeleka chake anabaki na mashini yake ya nyumbani, mkasi, na picha ya modeli kwenye simu. Mara nyingi modeli inayomvuta ni ile inayoonekana rahisi kuliko zote: blauzi ya mikono ya popo, ambayo wengine wanaiita dolman.

Jina hilo linatoka kwa Waturuki, kwenye joho lao pana la zamani. Wazungu walilichukua wakaligeuza mtindo wa wanawake, na mikono hiyo ilivaliwa sana katika miaka ya 1930 na tena miaka ya 1980. Urahisi wake unajulikana: mkono na mwili vinakatwa pamoja katika kitambaa kimoja. Hakuna tundu la mkono la kuchonga, hakuna mkono wa kupachika. Mtu anakunja kitambaa, anachora, anakata, anashona pembeni, amemaliza.

Mwandishi wa mistari hii aliamini hivyo pia, na akaharibu yadi mbili za kikwembe kizuri. Mbele ya kioo, mikono ikiwa chini, blauzi ilipendeza. Siku ya Jumapili kanisani, wimbo wa kwanza wa sifa ulipoanza na mikono ikainuliwa, blauzi nzima ilipanda na tumbo likabaki nje. Wimbo uliobaki uliimbwa mikono ikiwa imeshikilia pindo.

Wengi wanafikiri kwamba nguo ikiwa pana sana chini ya kwapa, mkono unakuwa huru. Ni kinyume kabisa. Inua mkono wako, shika mita ya kupimia kwenye kifundo cha mkono, ipitishe kwapani na uishushe hadi kiunoni. Tuseme umepata sentimita 62. Sasa pima njia hiyohiyo kwenye karatasi ya mikono ya popo iliyoshuka karibu na kiuno: unaweza kukuta 45 tu, kwa sababu mstari umekata njia ya mkato kutoka mkononi hadi kiunoni bila kufika kwapani. Zile sentimita 17 zinazokosekana zitatoka wapi? Zinatoka kwenye pindo, ndiyo maana nguo inapanda. Kadiri kwapa la nguo linavyoshuka, ndivyo mkono unavyofungwa.

Video nyingi za mtandaoni hazisemi jambo hili, kwa kuwa fundi anatumia kitambaa kinachovutika, kile cha fulana. Kitambaa hicho kinasamehe. Kikwembe cha wax hakivutiki, na hakisamehi kitu. Anayeinua beseni hadi kichwani, anayemfunga mtoto mgongoni au anayepanda pikipiki kila asubuhi ataona tofauti siku ya kwanza.

Kwa hiyo tuchore kwa kuanzia kwenye patroni ya blauzi inayokutosha vizuri. Karatasi inaweza kuwa ya mfuko wa simenti uliofunguliwa na kupanguswa, au kalenda za zamani zilizogandishwa pamoja. Weka patroni ya mbele juu yake, kisha inua ncha ya bega sentimita 1, la sivyo kitambaa kitakaza juu ya mfupa. Kuanzia shingoni, pitisha mstari kwenye ncha hiyo mpya na uuendeleze hadi urefu wa mkono, uliopimwa kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Kadiri unavyoulaza mstari huo, mkono unapata uhuru, lakini makunyanzi yanajikusanya chini ya kwapa mikono ikiwa imeteremka. Ukiuteremsha sana, nguo inakaa safi kama ya dukani ila kuinua mkono kunakuwa taabu. Kwa wax, afadhali makunyanzi kidogo.

Mwisho wa mkono, hakikisha ngumi inapita. Chini ya kwapa, shuka sentimita 5 hadi 7 tu kutoka kwapa la mwili, ongeza sentimita 4 za nafasi pembeni, halafu unganisha kwa mviringo laini. Ya nyuma ichorwe vilevile, na mishono ya chini ya mikono iwe na urefu mmoja mbele na nyuma.

Ukipenda mkono ulioteremka, kuna dawa ya zamani: kipande cha pembe nne chini ya kwapa, sentimita 10 kila upande, kilichokatwa kwa mshazari. Kinarudisha urefu uliokosekana. Kukishona ni kazi ya subira, hasa kwenye pembe, na kila pembe inahitaji kitambaa kidogo cha kuishikilia kwa nyuma.

Kuna pia hesabu ya kitambaa. Kikwembe kina upana wa karibu sentimita 116, yaani 58 kutoka katikati hadi ukingo. Kama kutoka katikati ya shingo hadi kifundo cha mkono una 70, mkono uliolazwa kabisa utaishia kati ya kiwiko na kifundo. Ukubali hivyo, au uunge kipande mwishoni.

Na usikate mbele na nyuma kwa pamoja bila mshono wa bega, ingawa inashawishi. Ndege walioinua vichwa kifuani watakuwa miguu juu mgongoni, na maandishi ya 8 Machi yatasomwa na mtu aliyesimama kichwa chini. Kata vipande viwili, viunge begani.

Kabla ya hayo yote, shona kwanza kwa shuka la zamani, kwa nyuzi ndefu za kufumua. Vaa, simama wima, mtu akuwekee alama pindo linapofika. Inua mikono yote miwili na mpime pindo limepanda kiasi gani. Likipanda sana, pandisha kwapa sentimita 2 na ujaribu tena. Ukiridhika, hamishia mabadiliko kwenye karatasi, kisha chukua kikwembe. Mviringo wa kwapa ushonwe mara mbili kwa hatua fupi, halafu uchanjwe kwa mkasi hadi karibu na uzi bila kuugusa, vinginevyo utavuta na kujikunja.

Vipande vinavyobaki pembeni mwa mikono usivitupe mpaka nguo ivaliwe wiki moja. Ikionekana bado inabana, kipande cha kwapa kitatoka humo, na rangi itafanana.