Anza na Wafalme Wawili

Ubao wa drafti una miraba 64, sawasawa na ubao wa chesi. Kwa kijana wa Ngoliba anayetaka kuimarika katika chesi, hilo si jambo dogo. Huko Thika Mashariki, mlima Kilimambogo ukionekana ng'ambo, seti kamili ya chesi ni nadra, lakini ubao wa drafti uliochorwa kwenye kadibodi haukosekani, na vifuniko vya soda ni vya kuokota. Maoni yangu ni kwamba vifuniko vitatu, viwili vikiwa wafalme na kimoja kikiwa askari, vitamfaa kuliko bando zima la video za Ulinzi wa Sisilia.

Wengi huanzia kwenye ufunguzi, yaani zile hatua za mwanzo zenye majina ya kifahari, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwanza. Lakini tazama hesabu. Kila mchezaji akicheza mara moja, mchezo unaweza kuwa umepita njia 400. Wakicheza mara mbili kila mmoja, njia ni 197,281. Mara tatu, zimevuka milioni 119. Video inafundisha njia chache tu kati ya hizo, na mpinzani wa mtaani hajaitazama video hiyo. Kufikia hatua ya nne anasogeza kitu ambacho mwalimu wa kwenye simu hakukitaja, na mwanafunzi aliyekariri anabaki akikodoa macho.

Tamati ya mchezo ni kinyume chake. Vipande ni vichache, na jibu ama ni sahihi ama si sahihi. Wachezaji huiita miraba kwa herufi na namba: herufi a hadi h kutoka kushoto kwa mwenye vipande vyeupe, namba 1 hadi 8 kutoka upande wake kwenda mbele. Weka mfalme mweupe e5, askari wake e4 nyuma yake, na mfalme mweusi e7. Wafalme wametazamana, na mraba ulio katikati yao hakuna anayeruhusiwa kuukanyaga. Je, zamu ni ya nani? Ikiwa ni ya mweusi, mchezo umekwisha. Sheria inamlazimu asogee, na popote anapokwenda anaachia mlango: akienda d7, mweupe anaingia f6, na kutoka hapo anamsindikiza askari wake mpaka e8, anapogeuka kuwa malkia. Ikiwa zamu ni ya mweupe, basi ni sare, mradi mweusi awe makini: kila mweupe anapojaribu kupenya, mweusi anarudi kusimama mbele yake.

Vipande ni vilevile, miraba ni ileile. Kilichobadilika ni zamu tu. Mzee aliyecheza drafti miaka mingi hahitaji kuelezwa zaidi. Ameshawaona watu wakipoteza mchezo kwa sababu tu iliwabidi wasogeze.

Kuna fumbo lingine la tamati ambalo mimi sichoki nalo. Lilitungwa mwaka 1921 na Richard Réti, mchezaji mashuhuri wa Chekoslovakia. Mfalme mweupe yuko h8, pembeni kabisa, na askari wake yuko c6. Mfalme mweusi yuko a6, karibu na askari huyo, na askari mweusi yuko h5 akiteremka kwenda h1. Mweupe anaanza. Ukitazama, utasema amekufa: akimfukuza askari mweusi kwa kushuka moja kwa moja hamfikii, na akimsukuma askari wake mwenyewe, mfalme mweusi anamnasa.

Lakini mweupe anapata sare. Anakwenda g7, kisha f6, kisha e5, kwa mshazari, kana kwamba hana haja na askari anayemkimbia. Mweupe akifika e5, mweusi ana njia mbili na zote ni mbaya. Akimla askari wa c6, mfalme mweupe anageukia f4 na kumkamata mkimbizi. Akiendelea kukimbia, mfalme mweupe anaingia d6, na askari wake anapata malkia muda uleule.

Siri yake ni ya kijiometria. Kwenye shamba, mwenye kupita mzunguko hutembea zaidi. Mfalme wa chesi hahesabu hivyo, kwa sababu hatua moja ya mshazari ni hatua moja tu, sawa na ile ya wima. Kutoka h8 hadi h2 kwa mstari ulionyooka ni hatua sita. Kutoka h8 hadi e5, kisha e5 hadi h2, ni hatua sita vilevile. Ni kama mtu atoke Thika aende Matuu, apitie Murang'a kumjulia hali shangazi, na bado afike saa ileile na aliyekwenda moja kwa moja. Ukishalielewa hili, huwezi tena kumwangalia mfalme kama mzigo wa kufichwa kwenye kona. Vipande vikipungua ubaoni, mfalme ni mpiganaji.

Hata kompyuta zilipotaka kuujua ukweli kamili wa mchezo, zilianzia mwisho. Badala ya kuuliza "nikisogeza hivi itakuwaje?", watafiti walichukua hali zote ambazo mfalme ameshanaswa, wakarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka kila hali ikawa na hukumu yake: ushindi, sare au kushindwa. Mwaka 2012 kompyuta kubwa ya Lomonosov, ya Chuo Kikuu cha Moscow, ilimaliza hali zenye vipande saba kwa jumla. Hali hizo ni zaidi ya trilioni 423, na nyingine zinahitaji zaidi ya hatua 500 kufikia ushindi. Leo mtu mwenye simu anaweza kuziuliza bure kwenye tovuti ya Lichess. Ila aulize baada ya kufikiri mwenyewe. Mwenye kukimbilia jibu hubaki na jibu tu.

Na kufikiri huko kunajenga nini? Mwaka 1946 Mholanzi Adriaan de Groot alichapisha utafiti uliohusisha pia mabingwa wakubwa, akiwemo Max Euwe aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Alitarajia kukuta kwamba wanaona mbele hatua nyingi zaidi. Tofauti ikawa ndogo. Walichokuwa nacho ni kuitambua haraka hatua inayofaa. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, huko Marekani, waliwaonyesha watu ubao wa mchezo halisi kwa sekunde tano, kisha wakawataka waupange upya. Bingwa alikumbuka karibu vipande 16 kati ya 25 hivi. Anayejifunza, kama vinne. Vipande vilipotawanywa ovyo, ubora wa bingwa ulikaribia kutoweka. Kwa hiyo hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa na maumbo: mfalme nyuma ya ukuta wa askari, ngome kwenye safu iliyo wazi, wafalme wawili wakitazamana. Nadhani ndiyo maana tamati ni shule nzuri kwa anayeanza, kwani maumbo yake ni machache na yanajitokeza tena na tena.

Sisemi ufunguzi utupwe. Anayeanza anahitaji kanuni chache tu: shika katikati, toa farasi na askofu mapema, mfiche mfalme kabla mapigano hayajaanza. Mkakati nao unaeleweka zaidi ukishaijua tamati. Utajuaje kama ni vyema kubadilishana malkia, ikiwa hujui wafalme na askari watakaobaki wanampa nani ushindi?

Kuhusu saa za mazoezi, watu hupenda kutaja namba moja. Fernand Gobet na Guillermo Campitelli waliwachunguza wachezaji wa Argentina, wakachapisha matokeo mwaka 2007: mmoja alifikia daraja la umahiri kwa saa kama 3,000, mwingine kwa zaidi ya 23,000. Saa peke yake hazielezi kila kitu. Katwe, Kampala, Phiona Mutesi alianza chesi akiwa mtoto aliyefuata uji kwenye programu ya Robert Katende. Mwaka 2010 alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi. Katwe hapakuwa na maktaba ya vitabu vya ufunguzi. Palikuwa na mwalimu, ubao, na wenzake wa kucheza nao kila siku.

Kwa hiyo jioni hii chukua ubao wa drafti. Askari weupe wawe a5, b5 na c5. Weusi a7, b7 na c7. Mfalme mweupe g1, mweusi g5. Zamu ni ya mweupe, naye anashinda, ingawa atalazimika kutoa askari wawili bure. Wa kwanza kusogea si wa pembeni.