Nani Mwenyeji wa Ufipa?

Mtanzania akisikia umetoka Sumbawanga, utani huanza hapo hapo. Kondakta atakuuliza umekatia nini tiketi ya basi wakati ungo haunywi dizeli. Mpangaji mwenzako atakusihi mkigombana usimpige radi. Ukimwazima jirani sufuria, inarudi imeoshwa kabla ya jioni, na anayeirudisha anacheka huku anakuchungulia usoni. Nilifundisha shule za msingi Iringa na Morogoro kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na kote huko sifa ya mji wangu ilitangulia kufika.

Utani wenyewe haunikeri. Kinachonishangaza ni kwamba sisi tuliochoka kuitwa wachawi na nchi nzima, nasi tuna watu wetu wa kuwasingizia. Watu wa juu, tunaoishi kwenye uwanda wa Ufipa katika baridi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, tunasema wachawi hasa wako bondeni, ng'ambo ya milima ya Lyamba lya Mfipa, kando ya Ziwa Rukwa. Wa bondeni wananyoosha kidole mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kirando na Kasanga. Wa mwambao wanakwambia dawa kali hutoka Kongo. Bado sijafika kijiji kinachokiri kwamba mambo hayo chimbuko lake ni kwao.

Nilipostaafu niliingia kwenye biashara ya nafaka. Maharage na mahindi nayapata huku juu, Laela na Matai. Mpunga naufuata bondeni, Muze na Mtowisa. Kazi hii inanikalisha na Wafipa wenzangu, na Wasukuma, Wanyamwanga, Wamambwe, Walungu, na Wakinga wenye maduka mjini. Wengi bado wananiita Mwalimu, lakini mnunuzi wa gunia huambiwa mambo ambayo mwalimu haambiwi. Katika maneno yote niliyoyasikia juu ya mizani, moja nimeliona kwa kila kabila bila kubagua: mtu wa kwetu akikosea tunataja jina lake, mtu wa kwao akikosea tunataja kabila lake.

Chukua kisa cha kawaida cha bondeni, ng'ombe kuingia kwenye mpunga. Wakiwa ni maksai wa Mfipa, utasikia kwenye mkutano wa kijiji: "Ni wale wa baba fulani, tangu afiwe na mkewe hana mtu wa kumchungia." Mzee huyo ana jina, ana msiba, ana udhuru. Wakiwa ni ng'ombe wa jirani mwenye kundi kubwa aliyehamia kutoka kaskazini, habari inakuwa nyingine: "Wasukuma wametumalizia mashamba." Kijana mmoja aliyesinzia chini ya mti amegeuka kuwa mamilioni ya watu, na wengi wao hawajawahi kuliona Ziwa Rukwa.

Upande wa pili nao wana yao. Mnunuzi mmoja wa Kisukuma aliwahi kunilalamikia: "Mayu, Wafipa mnatuwekea mawe kwenye magunia." Nikamuuliza ni Wafipa wangapi waliomfanyia hivyo. Alifikiri kidogo, akasema ni mmoja, na nyumba yake anaijua. Nikamwambia basi tumseme huyo mmoja. Tukacheka, tukaendelea kupima.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Anayetajwa zaidi ni Henri Tajfel, Myahudi aliyezaliwa Poland mwaka 1919 na kupoteza ndugu zake katika mauaji ya Wanazi. Akiwa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwaonyesha wavulana wa shule picha za wachoraji wawili, Paul Klee na Wassily Kandinsky, kisha akawaambia kila mmoja yuko kundi la wanaompenda mchoraji gani. Kumbe makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu tu. Wavulana hawakujua nani yuko kundi gani, hawakukaa pamoja, hawakuwa na ugomvi wowote. Walipoambiwa wagawe alama ambazo zingebadilishwa kuwa fedha, waliwapendelea wa kundi lao. La ajabu zaidi, wengi walikuwa tayari watu wao wapate kidogo kuliko walivyoweza kupata, ili mradi wa upande wa pili waachwe mbali.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kijiji kimoja cha bondeni. Kulikuwa na mpango wa kuchimba lambo kwa michango ya wananchi. Mchango ukakwama kwa hoja moja: lambo litanywesha ng'ombe wa Wasukuma. Aliyetoa hoja hiyo ana maksai wake wanne. Kiangazi kilipofika, maksai hao walitembezwa mtoni umbali ule ule na ng'ombe wa hao aliokuwa akiwanyima maji.

Msomaji asidhani nasema ugomvi wa bondeni ni wa kufikirika. Wasukuma walianza kuingia huku na mifugo yao kwa wingi katika miaka ya 1970 na 1980, malisho ya kwao yalipobana. Mwaka 2006 Serikali ilipoondoa mifugo katika bonde la Usangu na Ihefu, wafugaji wengi nchini wakajikuta tena njiani wakitafuta pa kukaa. Mpunga unataka ardhi yenye maji, na ng'ombe wa kiangazi wanaitaka ardhi hiyo hiyo. Mkulima aliyelishwa shamba amepata hasara ya kweli. Lakini hasara hiyo ina mtu aliyeisababisha na ina kiasi cha kulipwa. Ukishaipachika jina la kabila, hakuna wa kulipa tena, kwa maana huwezi kulidai kabila fidia ya gunia sita. Kinachobaki ni chuki, na anayeibeba ni mchunga ng'ombe mwingine ambaye siku hiyo hakuwepo kabisa. Isitoshe, sehemu kubwa ya mpunga ninaoununua umelimwa kwa plau na maksai wa watu hao hao tunaowaita watu wa kuja.

Na hapa kwetu, nani si mtu wa kuja? Roy Willis, mtafiti Mwingereza aliyeishi Ufipa kati ya mwaka 1962 na 1964 na kuandika vitabu kadhaa kuhusu sisi, alikusanya simulizi ambazo wazee wetu wamezisema daima. Utawala wa kwanza ulikuwa Milansi, kwa wafua chuma. Mtawala wa Milansi, Ntatakwa, alikuwa mawindoni walipofika wanawake watatu wageni kutoka kaskazini. Mkewe akawapokea, nao wakaketi kwenye kigoda cha enzi. Ntatakwa aliporudi hakukata vichwa. Yalifanyika makubaliano: ukoo wa wale wageni, Watwa, utawale nchi, na Milansi ibaki na heshima yake ya kale na matambiko. Baadaye Watwa wenyewe waligawanyika, kukawa na Nkansi na Lyangalile. Kwa hiyo watemi tuliojivunia kwa vizazi walikuwa wageni waliokaribishwa na mke wa mwenye nyumba.

Waliofuata ni wengi. Wangoni wa Zwangendaba waliingia katikati ya miaka ya 1840, na kiongozi wao huyo alifia katika nchi hii ya Ufipa. Misafara ya pembe na watumwa ilipita. Watu walivuka kutoka Kongo na kutoka upande ambao leo ni Zambia, wakalima matuta ya ntumba kama wenzao, wakazungumza Kifipa, wakaoa. Wajukuu wao ndio sisi. Joseph Thomson wa Uskoti alipopita mwaka 1880 aliwakuta watu watulivu waliojikita katika kilimo kuliko wengine wote aliowaona safarini. Hakukuta damu moja. Alikuta watu waliokubaliana namna ya kuishi, na mgeni aliyeishi hivyo alihesabiwa mwenyeji.

Tena mgeni si lazima awe adui. Kuna wakati tunamwamini yeye kuliko jirani. Mwaka 1963 na 1964 vijana wa Kamchape walizunguka vijiji vya Ufipa wakidai wanaweza kuwatambua wachawi na kuwatakasa. Harakati za namna hiyo zilianzia Nyasaland miaka ya 1930 na kuenea Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za sasa. Vijiji viliwaita vyenyewe. Walioaibishwa walikuwa wazee wa hapo hapo, waliozaliwa na kuzeekea kijijini. Siku hizo mstari wa "sisi" na "wale" ulipita katikati ya ukoo mmoja, vijana upande huu, wazee upande ule. Mstari huu unahama kufuata kinachogombaniwa.

Daniel Posner, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alilionyesha hilo vizuri mwaka 2004 kwa majirani zetu wa kusini. Wachewa na Watumbuka wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Zambia na Malawi. Lugha ni zile zile, mila ni zile zile. Upande wa Malawi alikuta wanatazamana kwa shaka, hata kuoana na kupigiana kura ni shida. Hatua chache ng'ambo, Zambia, ni ndugu. Sababu aliyoipata ni hesabu za siasa: Malawi kila kabila kati ya hayo ni kubwa kiasi cha mwanasiasa kuligeuza ngazi yake, lakini Zambia yote mawili ni madogo, hivyo huhesabiwa pamoja kama watu wa mashariki.

Mwaka huo huo Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha Busia ya Kenya na Meatu, huko huko Usukumani walikotoka wengi wa majirani zetu wa bondeni. Busia, maeneo yenye makabila mengi yalishindwa kuchangia shule vizuri. Meatu, mchanganyiko wa makabila haukupunguza kitu. Miguel alitaja sera za ujenzi wa taifa: Kiswahili, mtaala wa shule, uongozi wa vijiji usiofuata ukoo. Ndiyo maana hata sensa yetu haiulizi kabila. Ya mwisho kuuliza ilikuwa ya mwaka 1967. Urithi huo tumeukuta tayari, na ni rahisi kusahau kwamba kuna watu waliujenga kwa makusudi.

Mfano wa mwisho ni wa mkoa wetu wenyewe, kabla Katavi haijakatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo. Mtafiti Liisa Malkki aliishi nao katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1995. Waliokusanywa peke yao Mishamo walikuwa wamejenga historia moja ya pamoja inayoeleza wao ni nani na adui ni nani, na waliogopa kuchanganyika. Wenzao waliojitafutia maisha Kigoma mjini walikuwa wameoa na kuolewa, wanafanya biashara, na wengi hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Walikimbia nchi moja kwa sababu moja. Tofauti ililetwa na mahali walipowekwa. Baadaye Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo la 1972, jambo ambalo nchi chache duniani zimelifanya kwa ukubwa huo.

Kutokana na hayo yote, mimi nimeshika mambo mawili. Kwanza, kupenda kundi lako si dhambi. Nitaendelea kushangilia mtoto wa Kifipa akifaulu, na nitaendelea kutaniwa habari za ungo. Ila utani ni wa pande mbili: anayetaniwa naye anajibu, na mkiachana mnapeana mkono. Maneno yasiyompa mwenzako nafasi ya kujibu, yanayosemwa kwenye kikao asichoalikwa, hayo si utani.

Pili, wenye kalamu wana kazi. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wanapoandika malalamiko, waandike jina la mwenye ng'ombe, jina la mwenye shamba, idadi ya matuta yaliyoharibiwa na tarehe. Neno "Wasukuma" au "Wafipa" lisiingie kwenye karatasi hiyo, kwa sababu halisaidii kumpata mkosaji wala kukadiria fidia. Ardhi ya kijiji hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu. Basi wafugaji nao waitwe kwenye mkutano huo, njia za mifugo zipangwe wakiwepo, na wakishakubali wabanwe kwa walichokubali kama mwanakijiji mwingine yeyote.

Nawe msomaji, popote ulipo, ukisikia mtu anasema kabila fulani ni wezi, wachawi au wavivu, muulize swali nililomuuliza yule mnunuzi: ni wangapi, na ni akina nani? Akikutajia jina, msaidieni kumshitaki huyo mwenye jina. Akikosa jina, hana kesi.