Umepewa kozi ya idadi ya watu? Usikimbilie kuibadilisha

Uliomba kusomea sheria, ukaitwa kusomea idadi ya watu. Shangazi anauliza, "Sasa hiyo nayo ni kazi gani, kuhesabu watu?" Nawe huna jibu. Hebu tulia kidogo kabla ya kuomba uhamisho.

Kuhesabu ni kazi ya makarani wa sensa, siku chache tu kila baada ya miaka 10. Kazi yako huanza hesabu inapotiliwa shaka. Chukua umri tu. Ukitazama majedwali ya sensa utakuta watu wa miaka 30, 40 na 50 ni wengi ajabu kuliko wa 31, 41 na 51. Kwani walizaliwa kwa msimu? La, watu hukadiria. Muulize nyanya kijijini alizaliwa lini, atakwambia Uhuru ulipokuja alikuwa akichunga mbuzi. Darasani utafunzwa kupima kosa hilo kwa kipimo cha Whipple, kisha kulirekebisha. Hesabu zipo, sikufichi.

Na kosa lina bei yake. Baada ya sensa ya 2009, serikali ilikataa matokeo ya wilaya 8, zikiwemo za Mandera na Turkana, ikidai watu wameongezeka kupita kiasi. Mzozo ukaishia kortini. Si ajabu, maana idadi ya watu huangaliwa katika kugawa pesa za kaunti na kuchora mipaka ya maeneobunge. Anayejua kuthibitisha kama ongezeko ni la kweli ndiye anayetafutwa hapo.

Kuna pia hili: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke Mkenya alikadiriwa kuzaa watoto 8. Utafiti wa 2022 ulipata 3.4. Je, kaunti yako iongeze madarasa ya chekechea ama vyuo vya ufundi? Swali hilo litaletwa kwako.

Lakini usijidanganye, shahada pekee haitoshi. Jifunze Stata au R mapema, uandike ripoti inayosomeka, kisha utafute nafasi ya mafunzo katika idara ya mipango ya kaunti, KNBS au vituo vya utafiti kama APHRC pale Nairobi.

Kwa sasa anza na simu yako. Ripoti za sensa ya 2019 ziko kwenye tovuti ya KNBS. Tafuta jedwali la umri la kaunti yako, linganisha wenye miaka 40 na wenye 41, umwonyeshe shangazi.